Ukihamisha soko, hamisha na ujirani wake

Barabara kuu ya TANZAM, ile ya Tanzania na Zambia, inapanuliwa kuwa njia nne ndani ya Mbeya, kilomita 29 kutoka Nsalaga upande wa Uyole hadi uwanja wa ndege wa Songwe. Tumeisubiri kazi hii kwa muda mrefu. Aliyewahi kukwama Mafiati jioni, malori ya Zambia na Kongo yamejipanga mbele na nyuma yake, hahitaji kuelezwa faida yake. Lakini barabara hiyo inapanuka juu ya meza za nyanya, banda la fundi viatu, jiko la mama lishe na kijiwe cha bajaji, na wote hao lazima wasogee.

Katika miji yetu ya Nyanda za Juu Kusini, watu wa kando ya barabara wakitakiwa kusogea, kinachofuata ni orodha. Afisa anaandika majina, majina yanapewa namba za vizimba, namba zinapigiwa kura, makabidhiano yanafanyika mbele ya kamera. Miezi ikipita, vizimba vingi vimefungwa, wenyewe wamerudi barabarani, na huku ofisini na mitaani tunaanza kusema kwamba machinga hawapendi utaratibu.

Sikubaliani na kauli hiyo. Naona kosa liko kwenye orodha yenyewe, kwa sababu inamhesabu kila mfanyabiashara kana kwamba alikuja mjini peke yake na anauza peke yake. Sokoni hakuna anayeuza peke yake. Mtu anauza akiwa ndani ya safu, na safu ile ndiyo benki yake, mlinzi wake, shahidi wake na mara nyingi mlezi wa mtoto wake. Ukipiga kura ya namba umeivunja safu, na ukiivunja safu umevunja mtaji ambao haukuandikwa popote.

Nitalieleza hili kwa kupitia Mbeya zaidi, na Iringa kidogo.

Mbeya haieleweki bila milima. Kaskazini kuna Loleza na safu ya Mlima Mbeya, kusini kuna Uporoto, na jiji limelala katikati. Mji ulianza miaka ya 1920, dhahabu ya Lupa kule Chunya ilipokuwa inavuta watu, ukajengwa kwenye mteremko kwa mpango uliozoeleka Tanganyika nzima: Mzungu apewe hewa na nafasi, Mhindi apewe maduka, Mwafrika akae karibu na soko atakapohitajika. Uzunguni bado ipo, Uhindini ipo, Majengo ipo. Iringa nayo ina Uhindini yake, na ina Gangilonga yenye viwanja vipana na miti, mbali na msongamano wa Kitanzini na Mlandege. Mpango ule ulianza na kundi, kisha ukalitafutia kundi mahali pake. Ulikuwa mpango wa dhuluma. Hata hivyo waliouchora walijua jambo moja ambalo maofisa mipango wetu wa leo wanalisahau, kwamba mtu anakaa mjini akiwa na wenzake.

Baada ya Uhuru mambo mawili yaliubadilisha mji kuliko tangazo lolote la serikali. La kwanza ni lami ya barabara ya Zambia. La pili ni reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa kuanzia 1970 na kumalizika katikati ya muongo huo. Vyote viwili vilipita bondeni, chini ya mji wa zamani. Hakuna aliyeamuru kitovu cha Mbeya kihame, lakini kilihama. Mwanjelwa, Kabwe, Soweto, Sae na Ilomba vilikua kwa sababu huko ndiko lori liliposimama, na lori likisimama kuna anayeuza chai, anayeshusha mzigo, anayelala na anayetafuta nafasi ya kwenda Tunduma. Ofisi nyingi za serikali zilibaki juu. Biashara ilishuka.

Wanazuoni wa Chuo Kikuu cha Chicago, Robert Park na Ernest Burgess, walieleza mwaka 1925 kwamba mji hukua kwa duara: kitovu cha biashara katikati, kisha mitaa ya wahamiaji maskini, kisha wafanyakazi, kisha wenye nafasi zao nje kabisa, na kila kundi jipya likiingia linalisukuma lililotangulia. Chicago iko kwenye tambarare kando ya ziwa, na kule ilileta maana. Mbeya haina nafasi ya kuchora duara. Ina kamba ndefu iliyonyoshwa kutoka Uyole hadi kuelekea Mbalizi, na watu wamejipanga kando ya kamba hiyo kulingana na barabara inayowaleta mjini. Anayetoka Tukuyu na Kyela anaingilia Uyole, na huko ndiko utakakokuta ndizi za Rungwe na mchele wa Kyela vikishushwa. Anayetoka Mbozi na Ileje anaingilia Mbalizi na Iyunga. Anayetoka Makete na Njombe anafuata barabara kuu, na Makambako ndiyo njia panda yake. Jiografia ya kanda nzima imejikunja ndani ya jiji moja.

Sensa ya 2012 iliwakuta watu 385,279 katika Jiji la Mbeya. Ya 2022 iliwakuta 541,603. Tofauti ni zaidi ya watu laki moja na nusu kwa miaka kumi. Wengine ni watoto waliozaliwa humu humu, lakini sehemu kubwa ni watu walioshuka kwenye basi au kosta wakiwa na begi na namba ya simu ya mtu. Nataka tuitazame namba hiyo ya simu, kwa maana mji wetu umejengwa juu yake.

Nenda Mwanjelwa uulize, utaambiwa haraka: hapa ni pa Wakinga, watu wa Makete. Kauli hii imerudiwa mpaka imekuwa maelezo ya kila kitu, na mimi naiona ni maelezo ya kivivu. Ni kweli kwamba wafanyabiashara wengi wa Mwanjelwa, Makambako na Njombe wametokea Makete. Njia yao inajulikana. Kijana anafika kwa ndugu mwenye duka, analala stoo, anauza kwa miaka kadhaa kwa chakula na posho ndogo, na siku ndugu akiridhika naye anampa mzigo wa kuanzia kwa mali kauli. Mali kauli maana yake chukua bidhaa, uza, kisha rudisha hela yangu. Hakuna hati wala wakili. Kinachosimamia deni ni kwamba mnajuana, na ukikimbia, mama yako kule Makete ataulizwa.

Lakini ndugu anakufikisha mlangoni tu. Baada ya hapo anayekubeba ni jirani wa kizimba, na jirani huyo anaweza kuwa Mnyakyusa, Mndali, Mbena, Msafwa au Mnyiha. Ni yeye anayeangalia meza yako ukienda msibani Kyela. Ni yeye unayemwomba chenji asubuhi kabla hujauza kitu. Mteja akitaka saizi ambayo huna, unaichukua kwake, unauza, unampa hela yake, unabaki na cha juu. Ni naye mnacheza mchezo, kijumbe akipita kila jioni kukusanya, na zamu yako ikifika ndipo unapolipa ada ya mtoto. Mama lishe anampa kuli chakula kwa deni akijua lori la viazi kutoka Umalila linaingia alfajiri na jioni kuli atalipa. Dalali wa viazi anamjua mkulima kwa jina na anajua gunia lake lina ukweli kiasi gani. Haya yote yamefungwa na umbali wa hatua chache. Mtu akihamishwa safu kumi mbele, chenji haipo, mwangalizi hayupo, kijumbe hapiti.

Desemba 2006 soko la Mwanjelwa liliteketea. Wengi walihamia eneo la Sido. Sido nayo ikaungua 2011, ikaungua tena 2017. Magazeti yalihesabu hasara ya bidhaa kila mara, na ilikuwa hasara ya kuumiza. Kuna familia hazikuinuka. Lakini jambo la kuangaliwa na mchambuzi wa miji ni jingine. Soko lililoungua 2011 lisingeweza kuungua tena 2017 kama halikuwa limesimama upya, limejaa bidhaa. Mabanda yalirudi, bati kwa bati, na yaliporudi watu walirudi karibu na watu waliowajua. Mwenye mzigo alimpa tena mali kauli aliyeunguliwa, kwa sababu alijua atamkuta wapi na kati ya nani na nani.

Linganisha na soko jipya la kisasa la Mwanjelwa lililojengwa na jiji kwa mkopo wa benki. Lilichukua miaka. Lilipokamilika, wafanyabiashara walilalamikia kodi, na nafasi hazikujaa kwa kasi iliyotarajiwa. Sipuuzi suala la kodi, kwani mwenye meza ya laki mbili hawezi kulipa pango la mwenye duka la mamilioni. Hata hivyo kodi peke yake haielezi kwa nini mtu anaacha sakafu ya vigae na kurudi kwenye vumbi. Jengo lilikuwa na paa, umeme na namba mlangoni. Safu za zamani hazikuwemo ndani yake.

Mwaka huohuo wa 2011, mwezi Novemba, machinga na polisi walipambana Mbeya baada ya hatua ya kuwaondoa kando ya barabara. Mawe na matairi yaliyowashwa yaliifunga barabara kuu, maduka yakafungwa, mabomu ya machozi yakarindima Mwanjelwa na Kabwe. Aliyewatuliza vijana alikuwa mbunge wa wakati huo, Joseph Mbilinyi, ambaye kabla ya siasa walimjua kama msanii wa hip hop. Wengi walieleza tukio lile kwa lugha ya vyama, na siasa haikukosekana. Mimi naliona hivi: vijana waliokuwa wakiitwa wazururaji na watu binafsi wasio na anwani walionekana ghafla kuwa kundi lenye mipaka yake, viongozi wake na watu ambao lingewasikiliza. Kundi hilo lilikuwepo siku zote. Jiji lilikuwa halijalisajili kama kundi, ndiyo maana halikujua liongee na nani kabla ya moto kuwashwa.

Tunapoliita kundi hilo kwa jina la kabila tunapotea. Mwaka 1938 Louis Wirth, naye wa Chicago, aliandika kwamba ukubwa wa mji, msongamano na mchanganyiko wa watu hudhoofisha undugu na ujirani, na watu wakabaki kufahamiana kwa juu juu tu. Waliokuwa wanachunguza Afrika hawakuona hivyo. James Clyde Mitchell, katika miaka ya 1950, aliwafuatilia wafanyakazi wa miji ya migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, wakicheza ngoma ya kalela. Wachezaji walivaa suruali zilizopigwa pasi na viatu vilivyong'arishwa, waliimba kulisifu kabila lao na kuyatania mengine. Mitchell aliona kwamba kabila la mjini halikuwa masalia ya kijijini. Lilikuwa njia ya wageni wengi waliokutana mahali pamoja kupangana haraka: huyu naweza kumtania, huyu nimheshimu, huyu simjui bado. Kazini mgodini walikuwa wachimbaji, na kwenye madai ya mshahara walisimama kama wachimbaji.

Huo mkanda wa shaba hauko mbali na sisi. Wanaume wengi wa Nyanda za Juu Kusini walikwenda kufanya kazi kule. Na aliyetangulia kuichunguza miji ya migodi ya nchi ile, Godfrey Wilson, alikuwa ametoka Rungwe, ambako yeye na mkewe Monica waliishi na Wanyakyusa katika miaka ya 1930 kabla hajaenda Broken Hill, mji wa Zambia ambao sasa unaitwa Kabwe, si Kabwe yetu ya Mbeya. Walichokikuta Rungwe kinanigusa sana kwenye hoja hii. Walikuta vijiji vya rika. Wavulana waliochunga ng'ombe pamoja waliondoka kwenye nyumba za baba zao, wakajenga vibanda vyao pembeni, wakakua pamoja, wakaoa, na kibanda kikawa kijiji. Jirani yako alikuwa mtu wa rika lako, mliyekua naye machungani. Ndugu wa damu waliishi kwingine, na ukoo ulikuwa na kazi zake nyingine.

Sidai kwamba kijiwe cha bodaboda cha Kabwe kimezaliwa na kijiji cha rika cha Rungwe. Nasema tu kwamba watu wa eneo hili hawakuhitaji kufika mjini ndipo wajue kwamba mnaweza kuwa majirani wa kufa na kuzikana bila kuwa damu moja. Kwa hiyo tukiona Mwanjelwa watu wa makabila saba wamefungamana kwenye safu moja, tusishangae. Hayo ndiyo maisha ya mjini katika hali yake ya kawaida kabisa.

Iringa inatufundisha kitu kingine, ambacho ni muda. Ni mji mdogo, watu 202,490 kwa sensa ya 2022, umekaa juu ya kilima na hauna nafasi ya kujitanua ovyo katikati. Kihesa na mitaa ya jirani inaishi kwa kalenda ya vyuo. Chuo kikifungwa, vyumba vinabaki vitupu na wauza chipsi wanapunguza moto. Na pale Mashine Tatu, wafanyabiashara wadogo walikuwa na utaratibu wa kupanga bidhaa siku ya Jumapili, siku ambayo magari ni machache na watu wanatoka ibadani. Barabara moja ilikuwa na wenyewe wa katikati ya wiki na wenyewe wa Jumapili. Mei 2013 katazo la biashara hiyo liliishia kwenye vurugu, mabomu ya machozi, na mbunge wa wakati huo, Peter Msigwa, kukamatwa. Kilichonisikitisha ni kwamba watu walikuwa wameshapata jibu la tatizo la nafasi kabla ya kuulizwa. Mji usio na eneo la kutosha ulikuwa umegawana siku. Miji mingi ingelipa wataalamu ili ipewe wazo hilo.

Sasa nije upande ambao mpenda makundi kama mimi hana budi kuukabili. Makundi yanafungia watu nje. Safu iliyozoeana inaweza kupanga bei, inaweza kumzuia mgeni, inaweza kumwachia mwanamke asiye na mume wala kaka sokoni kona yenye maji machafu. Mnufaika wa mali kauli ni mwenye ndugu. Kijana wa Kisafwa ambaye babu yake ndiye aliyekuwa na shamba hapo soko lilipo anaweza asipate meza, wakati mgeni wa mwaka jana anayo, kwa sababu mgeni alikuja na namba ya simu na yeye hana. Kura ya namba ilibuniwa kwa nia njema ya kukata mnyororo huo, na anayeitetea hana nia mbaya. Lakini kura inawaumiza wote kwa usawa bila kumsaidia yule aliyekuwa nje, maana akipata kizimba anapata ukuta na namba, bila chenji, bila mkopo, bila mteja wa kuletewa.

Wasafwa nawataja kwa makusudi. Mbeya iko kwenye ardhi yao, na ukuaji wa jiji umekula mashamba yao kiwanja baada ya kiwanja, Isyesye, Itezi, Iganzo na kwingineko. Anauza robo ekari, anajenga pembeni, anauza tena, watoto wanapanda juu zaidi mlimani au wanaondoka. Wanaonunua mara nyingi hawapati kiwanja kwa tangazo. Wanakipata kwa mwenzao wa kazini, wa kanisani, wa kikoba. Kundi likishapata eneo, linaitana. Hivyo ndivyo mtaa mzima unavyoweza kujaa walimu, au watu wa usharika mmoja, ndani ya muda mfupi. Faida yake ni kwamba wanafahamiana siku ya kwanza. Hasara yake ni kwamba hatari nayo inagawiwa kwa kundi. Aprili 2024 sehemu ya Mlima Kawetere ilimeguka Itezi, tope likafunika nyumba zaidi ya ishirini na shule. Mtu aliyekuja kwa kuitwa na wenzake hana sababu ya kuujua mlima. Mzee aliyelima pale kwa miaka arobaini anajua maji yanapita wapi masika, lakini kwenye uuzaji wa kiwanja anaulizwa bei tu, na kwenye mkutano wa mtaa idadi yao imekuwa ndogo kiasi kwamba sauti yao haisikiki. Mlima ule ulikuwa na kumbukumbu ya watu, na sisi tukaitenganisha kumbukumbu hiyo na ramani.

Serikali yenyewe, kwa upande mwingine, inapenda vikundi, lakini vya aina moja. Tangu 2018 sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo ilisimamishwa 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata. Ni sera nzuri kwa nia. Kwa vitendo imezaa vikundi vya karatasi: watu wanatafutana wiki moja kabla ya fomu kufungwa, wanachagua mwenyekiti na mhazini, wanapata cheti, wanagawana hela, na marejesho yanakuwa shida kwa sababu hakuna aliyekuwa na la kupoteza mbele ya mwenzake. Wakati huohuo safu ya wauza mitumba ambayo imecheza mchezo kwa miaka bila hata mmoja kukimbia haina cheti, kwa hiyo haipo. Mbele ya halmashauri, kundi ni lile lenye muhuri. Sokoni, kundi ni lile ambalo ukilihama utakosa pa kuomba chenji. Ni vitu viwili tofauti, na fedha za umma zinamfuata yule wa kwanza.

Mapendekezo yangu kwa Jiji la Mbeya, na kwa manispaa na miji mingine ya kanda hii inayojenga masoko na stendi, ni ya kazi ya wiki chache tu.

Kabla ya kumwondoa mtu yeyote, chora safu. Tuma vijana wa vyuo, Mbeya tunao wengi, wapite na karatasi waandike nani yuko kushoto kwa nani, nani anachukua mzigo kwa nani, mama lishe gani anawalisha makuli gani, kijumbe ni nani. Wenyewe wataeleza, mradi anayeuliza hajaja na mgambo. Eneo jipya ligawiwe kwa safu nzima: kura ipigwe kati ya safu na safu, ili bahati iamue nani akae karibu na lango, bila kuvunja waliomo ndani. Wauza jumla, makuli, mama lishe na bajaji wahame siku moja na wauza rejareja. Soko lililohamishiwa rejareja peke yake linakaa bila mzigo, bila chakula na bila usafiri, na mteja akija mara mbili akakosa, hatarudi.

Kila safu iachiwe vizimba viwili au vitatu vya wageni, na hivyo vipigiwe kura ya wazi, kipaumbele kwa wanawake wanaoanza na vijana wa mitaa ambayo ardhi yake imechukuliwa na soko. Mgeni akiingia kati ya watu wanaofahamiana atajifunza kazi na ataaminiwa taratibu; akiwekwa kati ya wageni wenzake atafunga mwezi wa pili. Mikopo ya asilimia 10 ianze kutambua rekodi ya mchezo na kikoba cha sokoni kama ushahidi wa kuaminika, kwa kuthibitishwa na mwenyekiti wa soko na mtendaji wa mtaa. Pale ambapo nafasi haitoshi, zigawanywe siku na saa kwa maandishi, kama watu wa Iringa walivyokuwa wamejigawia Jumapili.

Kwa upande wa viwanja, kibali cha ujenzi kwenye miteremko ya Loleza, Kawetere na Uporoto kiwe na sahihi ya wazee wa mtaa waliolima eneo hilo, pamoja na ya mpima ardhi. Wazee walipwe kwa siku hiyo ya kazi kama mtaalamu mwingine yeyote.

Upanuzi wa barabara unaendelea, na mabanda ya Sae, Soweto, Mafiati na Nzovwe yako kwenye njia hiyo hiyo. Safu zake zote zinaweza kuchorwa kabla ya masika yajayo. Ofisi ya biashara ya jiji, wenyeviti wa mitaa hiyo na viongozi wa masoko wakikaa meza moja na michoro hiyo, kitu cha kwanza cha kuamua ni tarehe: safu ipi inahama lini, na lori la viazi la siku hiyo litashushia wapi.